Mashine Iliyougua Kila Alhamisi

Kila Alhamisi, akishaosha vyombo na kufagia uwanja, Sihaba aliiharibu mashine yake kwa mkono wake mwenyewe. Haikumchukua muda. Alikaa kwenye benchi la mbele la kibanda chake cha video, pale Kibiti nyuma ya maduka ya barabara kuu, akawasha televisheni, akashika pedi ya gemu, akashuka chini mara tatu, kulia mara moja, chini tena mara mbili, akafika penye namba. Palipoandikwa sifuri akapandisha mpaka mia tano. Basi. Kuanzia hapo mtu wa kwenye filamu alifungua mdomo, akaufunga, akageuka kwenda zake, ndipo sauti yake ikafika, kama abiria aliyeachwa na basi.

Kisha akampigia mumewe Msumbiji.

"Baba Yasmini, mashine imeanza tena."

"Imefanya nini?"

"Sauti inachelewa."

"Inachelewa, au picha ndiyo inakimbia?"

Hapo Sihaba alivua kandambili, akanyoosha miguu, akajiegemeza ukutani. Swali kama hilo, kwa mumewe Ukasha, lilikuwa na robo saa ndani yake.

Mashine yenyewe ilikuwa ya gemu, ya kizamani, ambayo sehemu yake ya kusomea diski ilikwishakufa. Ukasha, aliyekuwa fundi redio pale Kibiti kwa miaka kumi na tisa, aliipata kwa mtu aliyetaka kuitupa. Akaifungua, akaitia programu ambayo kiwanda hakikuitia, kitu kilichotungwa na watu wa mtandaoni kwa mapenzi yao, na kuanzia hapo ile mashine ya kuchezea mpira wa uongo ikawa inaonyesha filamu kutoka kwenye flashi. Akafunga televisheni kubwa, akapanga mabenchi, akamwambia mkewe, "Hii itakulisha." Kisha akaenda Nampula, Msumbiji, kutafuta maisha. Aliaga kwa miezi sita. Huu ulikuwa mwaka wa sita.

Watu wasimsingizie Sihaba kwamba alianza kwa uongo. Mwaka wa kwanza alikuwa hajui kitu. Picha ilipokuwa nyeusi na nyeupe kama maiti, alipiga simu karibu na kulia, na Ukasha akamwambia aangalie nyuma ya televisheni, kumbe waya wa njano umechomekwa kwenye tundu la kijani. Siku nyingine sauti ya filamu ikawa inasikika vizuri kabisa, milio ya bunduki, magari, vilio vya Wahindi, ila yule mtafsiri anayesemea juu ya waigizaji kwa Kiswahili hayupo. Wateja nusura wavunje benchi. Wao hawakuja kumsikiliza Mhindi, walikuja kumsikiliza mtafsiri. Ukasha akamweleza kwamba hizo filamu zina sauti mbili, Mhindi yuko waya mwekundu na mtafsiri yuko waya mweupe, na kama mweupe umelegea, mtafsiri anabaki ndani ya mashine akijisemea peke yake.

"Na wengine wanaacha hivyohivyo?" Sihaba aliuliza.

"Wengine hawana fundi."

Hilo neno alilibeba wiki nzima.

Kiingereza hakukijua. Darasa la saba lake lilikuwa la shule yenye mwalimu mmoja na kengele ya ringi ya gari. Kwa hiyo hakusoma yale maandishi kwenye kioo, aliyahesabu. Chini mara tatu, kulia mara moja. Alivyoambiwa na mumewe aliviandika nyuma ya kalenda za zamani, kimoja kimoja: filamu ikikwama-kwama ni nene kuliko nguvu ya mashine, ipelekwe kwa wanaonakili filamu wakaipunguze, sauti isipotoka kabisa ipelekwe kwenye stereo, kwa sababu mashine inadhani ina spika sita wakati ina mbili. Siku moja Ukasha alituma flashi yenye programu mpya kwa kondakta wa basi la Mtwara, mistari ikawa imehama, Sihaba akahesabu kama alivyozoea, na mashine nzima ikageuka maandishi ya Kijapani. Walihangaika saa mbili kuirudisha. Ukasha alicheka mpaka akakohoa. Sihaba alikuwa hajamsikia akicheka tangu aondoke.

Mwisho wa mwaka wa pili alikuwa anajua yote. Mtu alitoka Ikwiriri kwa bodaboda na mashine yake imefungwa kwenye kanga, Sihaba akaiponya kabla yule mtu hajamaliza maji aliyokaribishwa. Akajivuna siku hiyo. Kesho yake akakumbuka kwamba mwezi ule hakuwa amempigia mumewe hata mara moja, na mumewe hakuwa amepiga. Simu ya sikukuu ya Idi ilikuja. Idi Mubaraka, na kwako, haya mtandao huu, haya. Ikakatika.

Alhamisi iliyofuata akapandisha ile sifuri kwa mara ya kwanza.

Usifikiri ni mwanamke wa kujikunyata. Kibiti yote ilijua mdomo wake. Kijana akilala kwenye benchi alimwamsha kwa fagio: "Umelipia kiti, hukulipia kitanda." Mwanamume akija na mwanamke asiye wake aliwakalisha mbele kabisa, chini ya taa. Kibanda kilijaa Jumamosi na Jumapili mpaka watu wanasimama, na kila mtu alikuwa na neno la kumchokoza na yeye alikuwa na la kumrudishia. Lakini filamu ikiisha watu huondoka. Hakuna anayebaki kwenye kibanda cha video kuzungumza na mwenye kibanda. Alibaki akiokota maganda ya karanga, kisha akaenda kupika, na miaka sita hiyo hakuwahi kujifunza kupika wali wa mtu mmoja. Siku zote ulizidi. Asubuhi aliupasha akaula huku amesimama, kwa kuwa kukaa chini na kujitandikia mkeka peke yake aliona kama kuigiza.

Yasmini, mtoto wao mmoja, aliolewa Ngarambe. Alipiga simu akikumbuka. Habari za mtoto Ukasha alizipata kwa mtoto mwenyewe, kwa hiyo hata hapo Sihaba hakuwa na cha kumpa.

Mwezi wa nne mwaka huu alishikwa na homa, akalala siku mbili bila kufungua mlango. Siku ya tatu akasikia mtu anagonga kwa nguvu. Akajikokota, akajifunga kanga, moyoni akisema kumbe nimekumbukwa. Alikuwa mwendesha bodaboda, anauliza kama mechi itaonyeshwa.

Ni hiyo homa iliyomleta kaka yake. Mshamu alikuwa mkulima wa mikorosho huko Mahege, mtu wa maneno machache na sauti kubwa, na habari za ugonjwa wa mdogo wake alizisikia wiki moja baadaye, msikitini, kutoka kwa mtu baki. Akaja na pikipiki yake siku ileile, akaingia bila hodi.

"Mdogo wangu, wewe mume huna."

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Nampula. Kwani hujui?"

"Alikuja lini kukuangalia?"

"Tunaongea kila Alhamisi, saa nzima. Wewe na wifi mnalala chumba kimoja, mara ya mwisho mmeongea saa nzima lini?"

Mshamu akatoka, akawasha pikipiki yake. Lakini safari iliyofuata hakuja peke yake, alikuja na Shehe Haidari.

Shehe Haidari alikuwa mwembamba, mpole, mwalimu wa madrasa, na alikuwa na tabia moja ya ajabu kwa mtu wa cheo chake: alisikiliza. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaitazama ile televisheni iliyozimwa, akamwacha Mshamu aseme yote: kwamba mume ameondoka miaka sita, ana mke mwingine huko na watoto, hatumi kitu, na dada yake angeweza kufa ndani mlango umefungwa.

"Mke mwingine si neno," Shehe akasema. "Ameruhusiwa. Umbali nao si neno, watu wanasafiri. Ila mume hata awe wapi, ana mambo mawili hayamtoki. Matumizi, na kumjulia hali mkewe. Matumizi kaka yako anasema hatumi."

"Aliniachia mashine," Sihaba akajibu. "Inanilisha mpaka leo. Mnataka nini zaidi?"

Shehe akafikiri. "Haya. Mashine nimeikubali, iwe ndiyo matumizi. Limebaki la pili."

"La pili ndilo nimekwambia, kila Alhamisi."

"Usiudhike, binti yangu. Mimi sitaki ushahidi wako, wala wa kaka yako. Nataka nimsikie mwenyewe. Alhamisi tutakuja, utaongea naye kama siku zote, simu ikiwa kwenye spika. Usimwambie tupo, wala usimuulize ili akuulize. Neno moja la kukujulia hali likimtoka lenyewe, mimi nanyanyuka, Mshamu ananyanyuka, na shauri hili halitarudi tena mlangoni kwako. Likikosekana, tutaandika barua kwa kadhi, uombe kuachwa huru. Umeridhika?"

"Njooni na mito," Sihaba akasema. "Mtachoka kukaa."

Walipoondoka alibaki ameshika mlango. Alijaribu kukumbuka. Kichwani mwake alikuwa na sauti ya Ukasha ya miaka sita, angeweza kuisimamisha na kuirudisha nyuma kama filamu, na alijua hakika kwamba mle ndani pana mahali mumewe alimuuliza hali. Lazima papo. Akatafuta siku nzima. Akakuta stereo, akakuta waya mweupe, akakuta "safi sana, umeweza". Lile alilolitafuta hakulikuta, akajiambia ni kwa kuwa ni jambo la kawaida mno, hakuna mtu anayeweka akilini salamu.

Alhamisi ilipofika hakutaka kubahatisha. Ile ya sauti kuchelewa ingekwisha mapema, Ukasha angeitibu kwa robo saa. Sihaba akatia magonjwa matatu kwa pamoja. Akapandisha namba mpaka mia nane. Akalegeza waya mweupe kidogo, usitoke, uwe unagusa na kuachia. Juu ya yote akachomeka flashi yenye filamu nene kuliko zote alizokuwa nazo, ile ambayo picha zake zilikwenda hatua mbili zikasimama, kama mzee anayepanda mlima. Mtu akikaa kwenye simu saa nzima, alijiambia, hata kwa bahati mbaya atakuuliza umekula nini.

Wageni walifika saa nane mchana. Shehe akakaa benchi la pili, Mshamu akabaki kusimama karibu na mlango, mikono kifuani. Sihaba akapiga, akaweka spika, akailaza simu juu ya televisheni.

Iliita kwa muda. Kisha sauti ya Ukasha ikajaa kibanda.

"Ehe, Mama Yasmini. Imefanya nini leo?"

Sihaba akamtazama Shehe haraka. Shehe alikuwa anatazama mikono yake.

"Leo ni makubwa, Baba Yasmini. Picha inakwama, sauti inachelewa, na mtafsiri anakuja na kuondoka."

"Vyote mara moja?"

"Vyote."

"Aa," Ukasha akasema, na ilisikika wazi jinsi alivyovuta kiti. "Hiyo sasa ni kazi. Usiguse kitu. Tunakwenda moja moja, maana ukikamata mawili kwa pamoja hujui lipi limepona. Kwanza nijibu: inakwama mahali palepale, au popote?"

"Popote."

"Basi si flashi mbovu. Flashi mbovu hukwama palepale. Hiyo ni picha nene. Ni ile uliyopewa na nani?"

Ndivyo walivyokwenda. Na lazima isemwe kwa haki, alikuwa fundi mzuri. Hakumkaripia, hakuharakisha. Kila alipotaka Sihaba ashuke mistari alingoja asikie "nimefika" ndipo akaendelea. Mshamu mwenyewe, ambaye hakuwahi kugusa kitu chenye waya zaidi ya tochi, alianza kunyoosha shingo kutazama kioo. Nusu saa ikapita. Wakabadilisha filamu, picha ikakimbia. Wakarudi kwenye sauti.

"Nyuma pale, waya mweupe, uuchezeshe taratibu. Mtafsiri anasemaje?"

"Anakuja."

"Ukiachia?"

"Anaondoka."

"Umelegea. Chomoa, futa ncha yake kwa kitambaa kikavu, rudisha. Bana yale mabati ya pembeni kwa meno ukikosa koleo. Kwa meno taratibu."

Sihaba akabana kwa meno. Kisha, huku waya ungali mkononi, akafanya lile aliloambiwa asifanye, au tuseme alilikaribia.

"Sikuisafisha siku nyingi," akasema. "Nilikuwa na homa. Nililala siku mbili, sikuweza hata kuteka maji."

Shehe akainua macho. Upande wa pili kulikuwa na mtu anapigapiga chuma, na mtoto mdogo anaita kitu kwa Kireno.

"Ndiyo maana," Ukasha akasema. "Siku mbili ni nyingi kwa vumbi la hapo Kibiti, hasa magari makubwa yakipita. Kwa nyuma ina kipangaboi kidogo cha kuipoza, kikijaa vumbi mashine inapata moto, na ikipata moto picha lazima ikwame. Sikulifikiria hilo. Umefanya vizuri kuniambia."

Kaka mtu akapiga hatua moja kuelekea kwenye simu. Shehe akamzuia kwa kidole tu.

Sihaba hakumtazama yeyote. Alichomeka waya mahali pake. Mtafsiri akarudi, sauti nzito imejaa, akieleza kwa mbwembwe jinsi tajiri atakavyojuta. Ilibaki namba. Ukasha akamwelekeza, chini mara tatu, kulia mara moja, na Sihaba akaifuata njia ile kama mtu anayeelekezwa nyumbani kwake. Mia nane ikashuka mpaka sifuri. Midomo na maneno vikakutana.

"Inacheza?"

"Inacheza."

"Safi sana. Umeweza. Haya, mimi nikuache basi, bando lisiishe."

"Baba Yasmini."

"Ehe."

"Mimi najua kuitengeneza."

"Sasa unajua, ndiyo."

"Nimejua tangu mwaka wa pili. Nilikuwa naiharibu mwenyewe, kisha nakupigia."

Kule wakaacha kupiga chuma. Mtafsiri wa filamu aliendelea kusema mpaka Sihaba akamzima.

"Ulikuwa unaiharibu," Ukasha akarudia. Hakukasirika. Alisema kama fundi aliyeletewa redio ambayo mteja kaifungua kwanza nyumbani akaficha. "Kwa nini sasa?"

"Nilitaka mtu wa kuongea naye."

"Ungesema tu."

"Ndiyo nimesema."

Kikasikika kiti kikisukumwa. "Haya, Mama Yasmini. Hapa nina mteja. Nitakupigia."

Simu ikajizima juu ya televisheni. Mshamu, aliyekuja na hotuba kutoka Mahege, hakuitoa. Alikwenda kusimama nje akajifanya anaangalia tairi la pikipiki.

Shehe akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaiweka juu ya goti lake. "Binti yangu, ulinisikia nilivyosema. Lakini amesema atapiga. Nikisubiri Alhamisi nyingine, sitakuwa nimekosea."

"Andika, Shehe."

"Una hakika?"

"Umekaa hapa saa nzima. Mimi nimekaa miaka sita. Nani ana hakika zaidi?"

Akaandika. Alipofika penye sababu akasimamisha kalamu. Mshamu akiwa mlangoni akasema aandike ametelekezwa. Sihaba akakataa. Neno lile aliliona la uongo, linamfanya Ukasha mtu mbaya, na yeye hakuwa mtu mbaya. Akafikiri mpaka Shehe akamaliza kufuta miwani.

"Andika hivi: mume wangu hana haja ya kujua kama mimi ni mzima au mgonjwa, na mimi nimechoka kujifanya sijui hivyo."

Shehe akaandika kama alivyoambiwa, bila kurekebisha. Sihaba akatia sahihi yake ya shule, herufi moja moja.

"Naenda kuswali Alasiri hapo msikitini," Shehe akasema. "Baada ya swala Mshamu atanipeleka kwa kadhi. Kabla sijapanda pikipiki, ukiniita naichana. Baada ya hapo, ni jambo la ofisi."

Wakaondoka. Sihaba akapanga mabenchi ambayo yalikuwa yamekwishapangwa. Adhana ikaadhiniwa. Akaanza kufuta kioo cha televisheni, na simu ikaita.

Ilikuwa namba ya Msumbiji. Katika miaka sita, ukiacha sikukuu za Idi, haikuwahi kuita yenyewe.

"Mama Yasmini."

"Naam."

"Hujambo?"

Sihaba akakaa. "Sijambo."

"Homa imeisha?"

"Imeisha."

"Umekula?"

Hilo hapo. Lilikuwa limekuja kwa miguu yake, halikulazimishwa. Msikiti ulikuwa hatua mia mbili, watu wangali rakaa ya kwanza. Alichotakiwa kufanya ni kuvaa kandambili.

"Nimekula," akasema, na hakuwa amekula.

"Umekula nini?"

"Wali."

"Kwa mboga gani?"

"Kwa kisamvu."

"Aa. Vizuri."

Sihaba akangoja. Alimsikia Ukasha akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza, akaiachia.

"Huko mvua?"

"Hakuna."

"Hapa pia hakuna."

Yule mtoto akaja karibu, akaambiwa kitu kwa sauti ya chini, akaenda. Sihaba akatafuta na yeye upande wake. Alitaka kumwambia habari za kibanda, akakumbuka kwamba wateja wa sasa Ukasha hawajui hata mmoja. Alitaka kumuuliza habari ya mtoto yule, akaona hana hata jina la kuanzia. Mtu huyu aliyeweza kuuzungumzia waya mmoja nusu saa bila kurudia neno, sasa alikuwa anapapasa gizani akitafuta swali jingine, na halikuwepo. Sihaba alimwonea huruma, na alipoijua kuwa ni huruma, akaacha kumsubiri.

"Baba Yasmini, nimetia sahihi barua ya kwa kadhi."

"Leo?"

"Leo. Ulipokuwa unanitengenezea mashine, Shehe na kaka Mshamu walikuwa wamekaa hapa."

"Walisikia?"

"Walisikia. Shehe amekusifu ufundi wako." Shehe hakusema hivyo, lakini si vibaya kumpa mtu kitu cha kuondokea.

Ukasha akakohoa. "Unataka nisiipinge?"

"Usiipinge."

"Sitaipinga." Akatoa pumzi ndefu. Kama ilikuwa ya huzuni au ya mtu aliyetuliwa mzigo, mtandao wa Nampula haukuweza kuonyesha. "Mashine kaa nayo."

"Nakaa nayo."

"Na ikikusumbua..."

"Haisumbui," Sihaba akasema.

Wakaagana kwa adabu, kama watu waliokutana kituo cha basi. Alipotoka nje swala ilikuwa imeisha, wanaume wanatafuta viatu vyao. Aliiona kofia ya Shehe katikati yao, akamwona Mshamu akiwasha pikipiki, Shehe akikusanya kanzu yake ili isiingie kwenye tairi. Kabla ya kupanda, Shehe akageuka upande wa kibanda, akamwona, akangoja. Alingoja muda wa kutosha mtu kuinua mkono.

Sihaba hakuuinua. Shehe akapanda, pikipiki ikaingia barabara kuu, ikapita nyuma ya lori la magogo, haikuonekana tena.

Saa kumi na moja watu wakaanza kuja. Aliwaambia wakung'ute vumbi miguuni.